Je, Mofini Humnyima Mkristo Kifo Chema?

Sisi tunaohudumu katika sharika za Kibara na vijiji vya kando ya Ghuba ya Speke huitwa mara kwa mara kwenye nyumba yenye mgonjwa wa saratani. Mara nyingi mgonjwa huyo amekwisha kupita njia ndefu: zahanati, hospitali ya misheni, Bunda, kisha Bugando kule Mwanza, na wengine hata Ocean Road, Dar es Salaam. Amerudishwa nyumbani kwa sababu hakuna tena matibabu ya kuuondoa ugonjwa wenyewe. Amepewa dawa za kutuliza maumivu, na pengine ndani ya mfuko wa dawa kuna chupa ya mofini ya maji. Hapo ndipo swali linapoanza. Baada ya maombi, ndugu mmoja hutuvuta nyuma ya nyumba na kuuliza kwa sauti ya chini: "Mchungaji, hii dawa inamlaza. Akifa amelala hivi, atakuwa ametubu saa ngapi? Atakuwa ametuaga saa ngapi?"

Swali hili tusilipuuze. Ni swali la imani, na nyuma yake kuna mambo mawili ambayo Kanisa limeyashika tangu zamani: kwamba uhai wa mwanadamu ni mali ya Mungu hadi pumzi ya mwisho, na kwamba kifo ni jambo la kujiandalia. Katika insha hii tunataka kulitazama swali hilo polepole. Tutasema kwamba kumtuliza mgonjwa maumivu ni tendo la imani. Kwamba wokovu wake hautegemei kuwa macho saa ya mwisho. Na kwamba kipo kitu kingine, kilicho mikononi mwetu wenyewe, kinachomnyima maandalizi kuliko dawa yoyote.

Kufa kwa kujiandaa

Yakobo alipoona siku zake zimekwisha, alijikaza akaketi kitandani. Aliwaita wanawe, akawabariki mmoja mmoja, akaagiza mahali atakapozikwa, ndipo akafa (Mwanzo 48 na 49). Picha hiyo sisi wa huku tunaielewa bila kufundishwa. Mzee anayesemwa kuwa amekufa vema ni yule aliyewaita wanawe, akasema shamba hili ni la nani, ng'ombe gani wako kwa nani, mtumbwi ni wa nani, nani anamdai na yeye anamdai nani, akawapatanisha waliokosana. Mzee aliyekwenda bila kusema neno huacha nyuma yake ugomvi, na ugomvi huo hatimaye hufika mbele ya baraza la wazee wa kanisa.

Martin Luther naye aliliandika jambo hili mwaka 1519, katika mahubiri yake juu ya kujiandaa kufa. Anaanza na mambo ya nyumbani kabisa: mtu apange mali yake ili asiwaachie ndugu ugomvi, awasamehe waliomkosea na kuwaomba radhi aliowakosea, kisha amgeukie Mungu, apokee Sakramenti, na kumtazama Kristo. Anaongeza shauri la busara. Kifo kitafakariwe wakati mtu ana nguvu na kifo kingali mbali. Saa ya kufa yenyewe si saa ya kukikodolea macho kifo, ni saa ya kumtazama Kristo aliyekishinda.

Luther mwenyewe alifariki Eisleben, tarehe 18 Februari 1546. Rafiki zake waliokuwa kando ya kitanda walimwuliza kwa sauti kubwa kama anakufa akiwa amesimama katika Kristo na katika mafundisho aliyoyahubiri. Akajibu: Ndiyo. Baada ya hapo hakusema tena. Kwa nini walimpigia kelele mtu anayekata roho? Kwa sababu watu wa zama zile waliamini kwamba namna mtu anavyokufa huonyesha anakokwenda. Walijua maadui wa Luther wangesema amekufa vibaya. Walihitaji neno lake la mwisho kama ushahidi.

Kwa hiyo ndugu anayetuvuta nyuma ya nyumba yuko pamoja na watu wengi waliomtangulia. Anataka mzazi wake afe akijua, akisema, akishuhudia. Hilo ni tamanio jema. Tutakachouliza ni kama tamanio hilo linatosha kumfanya mgonjwa alale na maumivu.

Je, maumivu ni msalaba wa kubeba?

Wapo wanaojibu kwamba linatosha. Husema: hata Bwana wetu alikataa dawa. Nao wana andiko. Marko 15:23 inaeleza kwamba Yesu alipewa divai iliyotiwa manemane kabla ya kusulibiwa, naye hakuipokea. Hivyo, wanasema, Mkristo wa kweli avumilie maumivu akiwa na akili timamu, kama Bwana wake.

Tulisome andiko hilo kwa makini. Yesu alikuwa akifanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyeitwa kuifanya. Alikuwa akibeba dhambi ya ulimwengu, naye aliibeba kwa hiari na akijua. Kazi hiyo aliimaliza. Yohana 19 inatuonyesha kwamba, alipojua kuwa yote yamekwisha kutimizwa, alisema ana kiu, akapokea siki aliyopewa kwenye sifongo. Mama anayelala juu ya mkeka akiwa na saratani ya shingo ya kizazi hafanyi kazi ile ya Golgotha. Maumivu yake hayalipii dhambi yake wala ya watoto wake. Tukimwambia, hata kwa kudokeza, kwamba kuvumilia kwake kunamwongezea kitu mbele za Mungu, tumeirudisha biashara ya matendo mema kwa mlango wa nyuma, na tumeileta kwa mtu asiyeweza hata kugeuka kitandani.

Msalaba wa Mkristo ni ule unaomjia akimfuata Kristo, naye hautafuti. Ukimjia, wengine wameamriwa wamsaidie, kama Simoni wa Kirene alivyomsaidia Bwana kuubeba ule wa mti. Msamaria mwema alipomkuta mtu aliyepigwa njiani hakumhubiria juu ya faida ya mateso. Alitia mafuta na divai katika majeraha yake (Luka 10). Na mwaka 1527, alipoandika juu ya tauni, Luther alikemea watu waliokataa dawa kwa kisingizio cha imani. Alifundisha kwamba Mungu ndiye aliyeumba dawa na ndiye aliyetupa akili ya kuutunza mwili. Anayezidharau anamjaribu Mungu.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tunaokaa kwenye kiti kando ya kitanda tuwe wagumu wa kusifu uvumilivu wa aliye juu yake.

Dawa hii inafanya nini hasa

Hofu nyingine zinatoka katika kutoijua dawa yenyewe. Huku kwetu mofini ina majina mabaya: dawa ya kumaliza, dawa ya kulevya, dawa ya waliokatiwa tamaa. Tuyaseme yaliyo kweli.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani kwa ngazi tatu. Maumivu madogo hutulizwa kwa dawa za kawaida kama parasetamoli. Yakizidi, huongezwa dawa kama kodeini. Yakizidi zaidi, hutumika mofini. Dawa hupewa kwa mdomo pale inapowezekana, na hupewa kwa saa. Maana yake haisubiriwi hadi mgonjwa apige kelele. Mofini ya maji hupewa kila baada ya saa nne, kwa kipimo alichoandikiwa mgonjwa huyo na mtaalamu wa afya.

Mgonjwa anapoianza, mara nyingi husinzia siku mbili tatu za kwanza. Kwa wengi usingizi huo hupungua mwili ukizoea. Sehemu yake pia si ya dawa: ni usingizi wa mtu ambaye hajalala majuma mengi kwa maumivu, na sasa amepata nafuu. Mofini huleta pia kichefuchefu siku za mwanzo na kufunga choo, na hayo yana dawa zake. Uraibu, ambao watu huuogopa sana, ni nadra kwa mgonjwa anayeitumia kwa maumivu ya saratani chini ya uangalizi. Na ikitolewa kwa kipimo sahihi, kikipandishwa polepole kulingana na maumivu, haifupishi maisha. Mgonjwa akifa siku chache baada ya kuianza, kilichomuua ni saratani. Tatizo ni kwamba watu wengi hupelekewa mofini wakiwa wamechelewa sana, kisha jirani anahesabu siku na kuilaumu chupa.

Ujuzi huu umekuwapo Afrika Mashariki muda mrefu. Kituo cha Nairobi Hospice kilianza mwaka 1990. Mwaka 1993 Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, ambako mofini ya unga huchanganywa na maji kuwa dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa anainywa nyumbani kwake. Na Uganda baadaye iliwaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Kwetu Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa kinara, na Kanisa letu halikubaki nyuma. Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza kuwatunza wagonjwa wa namna hii majumbani mwao tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha KKKT ikaieneza huduma hiyo katika hospitali zake nyingine. Wataalamu wanaiita tiba shufaa: matunzo ya kumpunguzia mgonjwa mateso ya mwili, ya moyo na ya roho pale ugonjwa usipoponyeka. Sisi tunaweza kuiita kwa jina lake la zamani, diakonia.

Maumivu nayo huondoa fahamu

Tunapouliza kama dawa inamnyima mgonjwa fahamu, tunasahau kuuliza maumivu yanamfanya nini.

Aliyewahi kukesha na mgonjwa wa saratani ya mifupa usiku mzima anajua. Mtu mwenye maumivu makali hawezi kusali. Anaweza tu kulia. Hawezi kusikiliza Zaburi hadi mwisho. Hawezi kuzungumza na mwanawe juu ya shamba, kwa sababu kila neno linakatwa na wimbi jingine. Humkaripia mkewe aliyemtunza kwa upole, kisha hulia kwa aibu. Ayubu, mtu mkamilifu, maumivu yalipomzidi aliilaani siku aliyozaliwa. Macho ya mtu kama huyo yako wazi, lakini nafsi yake yote imefungiwa ndani ya chumba kimoja chenye moto. Tukiita hali hiyo "akili timamu", tunajidanganya.

Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha daktari, naye Mkristo, alilielewa jambo hili alipofungua hospitali ya St Christopher's jijini London mwaka 1967. Alifundisha kutoa mofini kwa saa, kabla maumivu hayajarudi, ili mgonjwa asiishi akiyangoja kwa hofu. Wagonjwa waliotulizwa hivyo waliweza kukaa, kula, kuongea na jamaa zao na kusali. Alifundisha pia kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili peke yake: yamo ya moyo, ya familia, na ya roho, na yote huongezana.

Hapa ndipo swali la nyuma ya nyumba linapogeuka. Kwa wagonjwa wengi, dawa iliyopimwa vizuri inamrudishia mtu saa zake. Mama aliyekuwa akigugumia tangu alfajiri, akipewa dozi yake asubuhi kwa wakati, ifikapo saa nne anaweza kumwita mjukuu wake kwa jina. Hiyo saa nne ya asubuhi ndiyo saa ya Yakobo ya kuwabariki watoto. Tuitumie.

Pale usingizi unapokuwa lazima

Lakini tusiseme kwamba hakuna mgongano kabisa. Wapo wagonjwa wachache ambao, siku za mwisho, maumivu au kukosa pumzi hakutulii ila kwa kipimo kinachowalaza. Daktari huwaambia jamaa: tunaweza kumtuliza, lakini hatakuwa nanyi katika mazungumzo. Hapo kuna kitu cha thamani kinachoachwa, na familia ina haki ya kukililia.

Ndugu zetu Wakatoliki walilitafakari jambo hili mapema. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio wa Kumi na Mbili aliwajibu madaktari waliomwuliza kuhusu dawa zinazoondoa maumivu na fahamu. Alisema ni halali kuzitumia kwa mgonjwa anayekufa, hata kama zingeweza kufupisha maisha, mradi lengo ni kutuliza maumivu na hakuna njia nyingine. Akaongeza tahadhari: asinyimwe fahamu zake bila sababu nzito, na awe amepata nafasi ya kutimiza wajibu wake kwa Mungu na kwa jamaa zake. Nasi Walutheri tunaweza kuipokea hekima hiyo bila shida. Nia ya mtoaji ni jambo kubwa. Anayetoa dawa ili kutuliza, akapima, akaongeza kadiri ya maumivu, anahudumia uhai hadi mwisho wake. Anayetoa dawa ili mtu afe, kwa sababu amechoka kumtazama au kwa sababu gharama zimezidi, anaua. Hilo sheria ya nchi inalikataza, na amri ya tano inalikataza. Mambo hayo mawili yasichanganywe, kwa maana kuyachanganya ndiko kunakowafanya Wakristo wema waiogope chupa ya dawa.

Nani basi aamue kama mgonjwa alale? Kwanza ni mgonjwa mwenyewe, akiwa bado anaweza kusema. Wengine watasema, "Nivumilie kidogo hadi mwanangu afike kutoka Dar, kisha mnilaze." Wengine watasema, "Nimekwisha kuagana na watu, nipumzisheni." Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kwa imani. Mchungaji asimchagulie mtu kiasi cha maumivu yake, na mtoto mkubwa wa kiume asichague kwa sababu tu ndiye mwenye sauti nyumbani.

Na anayelazwa, imani yake inakwenda wapi? Hapa Kanisa letu lina jibu ambalo tunalitenda karibu kila mwezi bila kulitumia kando ya kitanda. Tunabatiza watoto wachanga. Mtoto wa wiki tatu hajui anachofanyiwa. Pengine analala usingizi mikononi mwa mama yake wa ubatizo. Bado tunakiri kwamba Mungu ametenda jambo kamili. Luther, akiutetea ubatizo huo, alitoa mfano wa mtu aliyelala: je, Mkristo anapolala usiku, akili yake isipofanya kazi, anaacha kuwa Mkristo? Imani inamwacha hadi asubuhi? La. Neema ya Mungu haimtoki kwa sababu amefumba macho.

Basi kama neema ilikuwapo kabla hatujaweza kusema, itakuwapo tukiwa hatuwezi tena kusema. Paulo anawaandikia Wathesalonike kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu ili tuishi pamoja naye, tukiwa macho au tukiwa usingizini (1 Wathesalonike 5:10). Kwa Warumi anaandika kwamba tusipojua hata jinsi ya kuomba, Roho mwenyewe hutuombea (Warumi 8:26). Na yule mwenye kupooza alibebwa na watu wanne, akateremshwa kupitia dari, naye Yesu aliitazama imani yao (Marko 2). Usharika unaoimba kando ya mgonjwa aliyelala unafanya kazi ya wale wanne. Anayemlinda Israeli halali, kwa hiyo mgonjwa anaweza kulala.

Tukidai kwamba mtu lazima awe macho ili aokolewe, tumeifanya fahamu kuwa tendo jema la mwisho, na tumemweka nje mtoto, mwenye kifafa, bibi aliyepoteza kumbukumbu, na mvuvi aliyezama usiku ziwani. Injili haikutufundisha hivyo.

Kuwa na fahamu bila kufahamishwa

Sasa tuje kwenye jambo lililo gumu kuliko yote, na ambalo halimo ndani ya chupa.

Nyumba ileile inayoogopa kwamba mofini itamnyima mgonjwa maandalizi, mara nyingi ndiyo iliyoamua asiambiwe ugonjwa wake. Tumekutana na hali hii zaidi ya mara moja. Majibu ya Mwanza yanapokelewa na mtoto au shemeji. Anaitwa pembeni, anaambiwa ni saratani na imeenea. Wanakubaliana njiani: tusimwambie, atakata tamaa. Mgonjwa anaambiwa ana vidonda vya tumbo. Jirani wanajua, wazee wa kanisa wanajua, mwenye duka anajua. Mwenye mwili pekee hajui, au anajua na ananyamaza ili asiwahuzunishe wanaomficha. Tunaitwa kuomba, na mlangoni tunaonywa: "Mchungaji, usitaje lile jina."

Mgonjwa wa namna hii ana fahamu, lakini hajafahamishwa. Macho yake yako wazi majuma kumi, naye hawezi kufanya hata jambo moja kati ya yale Yakobo aliyoyafanya. Hagawi shamba, kwa sababu anategemea kulima mwaka kesho. Hamwiti ndugu waliyekosana, kwa sababu anadhani muda upo. Hatubu kama mtu anayekwenda. Anaomba tu dawa ya vidonda vya tumbo ifanye kazi. Kisha siku mbili za mwisho maumivu yanazidi, anapewa mofini, anasinzia, na sisi tunalia kwamba dawa imetunyima maneno yake ya mwisho. Mofini ilichukua siku mbili. Majuma kumi yalichukuliwa na nani?

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Walimsema mgonjwa anayeficha. Leo kilio kinatuumbua sisi tunaomficha mgonjwa.

Tumtazame nabii Isaya akiingia kwa mfalme Hezekia (2 Wafalme 20). Kwanza alimwambia ukweli mchungu: apange mambo ya nyumba yake, kwa maana atakufa. Hezekia aligeukia ukutani, akaomba na kulia sana. Mungu alisikia, akamwongezea miaka. Na nabii huyohuyo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Mtumishi mmoja alileta ukweli na dawa. Hakuona kwamba kimoja kinakizuia kingine. Sisi tumezoea kumnyima mgonjwa vyote viwili: tunamficha ukweli ili asihuzunike, na tunaiogopa dawa ili asisinzie. Anabaki na maumivu asiyoelezwa chanzo chake.

Kusema ukweli si kumtupia mtu neno "utakufa" kama jiwe. Daktari na muuguzi ndio waanze, kwa kuwa ni kazi yao. Sisi tumwulize kwanza mgonjwa: "Mama, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu?" Mara nyingi atajibu kwa maneno yanayoonyesha kwamba alikwisha kujua. Akitaka kujua zaidi, asidanganywe. Asipotaka, asilazimishwe, lakini awe ni yeye aliyekataa, si sisi tuliomkatalia. Tumaini la Mkristo halikujengwa juu ya vidonda vya tumbo. Limejengwa juu ya Kristo aliyefufuka, nalo linaweza kuubeba ukweli.

Yatupasayo kutenda

Kutokana na hayo, yapo mambo ambayo usharika unaweza kuyafanya bila kungoja fedha za wafadhili.

Chakula cha Bwana kipelekwe mapema. Mchungaji asiitwe mgonjwa akiwa amekwisha kupoteza fahamu. Aitwe mgonjwa angali anaweza kukaa, na arudi tena. Tuulize familia dozi inatolewa saa ngapi, na tupange ziara wakati wa nafuu. Wosia uandikwe wakati huo, mbele ya mashahidi, na mapatano yafanyike wakati huo.

Dawa isikatike. Mofini inadhibitiwa na sheria, si kila kituo kinayo, na safari ya kuifuata ni nauli na siku nzima. Mgonjwa aliyeishiwa Jumamosi hawezi kungoja hadi Jumatatu ya wiki nyingine. Jumuiya inayochangia mazishi kwa moyo, ikanunua jeneza na kulisha waombolezaji siku tatu, inaweza pia kuchangia nauli ya mtu mmoja kwenda kuchukua dawa mgonjwa angali hai. Itakuwa sadaka ndogo kuliko ya jeneza, na mwenyewe ataipokea.

Kipimo kisibadilishwe nyumbani. Tusiongeze kwa huruma wala tusipunguze kwa hofu. Maumivu yakizidi, mhudumu wa afya aarifiwe. Na yeyote, hata akiwa amevaa joho la mhubiri, anayemwamuru mgonjwa atupe dawa ili kuonyesha imani, asisikilizwe.

Aliyelazwa asiachwe peke yake. Tuendelee kumwita kwa jina, kumshika mkono, kumsomea Neno, kumwimbia nyimbo anazozijua tangu kipaimara. Tusizungumze juu ya mazishi yake karibu na kichwa chake. Tumkabidhi kwa Bwana kwa baraka, kama tunavyomweka mtoto kitandani.

Kwa ndugu anayetuuliza nyuma ya nyumba, basi, jibu letu ni hili. Mpe mama dawa yake, kwa saa na kwa kipimo. Kisha, kesho asubuhi akiwa na nafuu, keti karibu naye, umwambie kweli na umsikilize. Mwombe radhi, nawe upokee baraka yake. Ukiyafanya hayo kesho, hutakuwa na sababu ya kuuogopa usingizi wake keshokutwa. Naye aliyemwita kwa jina siku ya ubatizo, kabla hajaweza kuitika, atamwita tena kwa jina hilohilo. Na siku hiyo hakuna dawa itakayomzuia kuamka.